Pengo kwenye wembe wa babu

Babu hunyoa ndevu zake kwa kupapasa. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na hilo ndilo lililomtoa Nansio, Ukerewe, akapanda meli hadi Mwanza kuhudhuria kliniki ya macho Bugando. Lakini uso wake anaujua kwa vidole. Kila Jumanne na Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, huketi kwenye kigoda uani kwa mwanawe, mtaa wa Kirumba, akapaka povu la sabuni, akakunjua wembe wake wa zamani, na ndani ya dakika kumi kidevu kinakuwa laini.

Ijumaa hiyo wembe ulifika chini ya taya ukanasa. Babu alisita, kisha akauvuta. Damu ikachuruzika juu ya povu.

"Huu wembe una nini leo?" aliuliza, akiusogeza karibu na macho yasiyouona vizuri.

Hakuna aliyemjibu. Mjukuu wake wa miaka 11 alikuwa amesimama mlangoni na sare za shule, kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Alimtazama babu yake, akachukua begi, akaondoka bila kuaga.

Wembe wenyewe si ule mwembamba unaouzwa dukani kwenye karatasi. Ni wembe mrefu wa chuma unaokunjwa ndani ya mpini wake, wenye mgongo mnene na makali membamba sana. Kwenye shina lake pamegongwa neno Solingen, mji wa Ujerumani unaofahamika duniani kwa visu na nyembe. Babu aliununua Mwanza mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati akiwa kinyozi wa chini ya mwembe huko Nansio.

Kwa wembe huo alinyoa watu wa kila aina. Alinyoa wanaume waliojiandaa kwa sikukuu, watoto wanaoanza shule, na ndugu wa marehemu siku ya kuanua matanga, wamekaa kwenye mkeka mmoja, kichwa baada ya kichwa. Alimnyoa pia mwanawe, ambaye baadaye alirithi kazi hiyo na sasa ana saluni ya viti vitatu hapo hapo Kirumba.

Mchana mwana huyo aliporudi kula, babu alimkabidhi wembe. Aliuinamisha chini ya taa, akaugeuza polepole. Makali yaliyo mazima hayang'ai ukiyatazama kwa juu. Mahali palipoharibika ndipo panaporudisha mwanga. Akatoa simu, akawasha kamera na kukuza picha. Katikati ya wembe kulikuwa na pengo la kama nusu milimita, na pembeni mwake chuma kimejikunja.

Kinyozi yeyote anajua kwamba ndevu haziwezi kufanya hivyo. Wembe ulikuwa umegonga kitu kigumu.

Jioni aliwauliza wote waliomo nyumbani. Kijana naye akaulizwa. "Sijui, baba," alijibu, macho chini.

Wiki mbili kabla, kijana huyo alikuwa amepasua kioo cha simu ya baba yake na kukiri mwenyewe. Alichapwa mkanda. Kwa hiyo alishajua kusema kweli kunagharimu nini katika nyumba ile.

Hesabu ya saa

Aliyekitazama kidole ni mama. Tangu Alhamisi jioni alikuwa ameambiwa kwamba ni kopo lililomkata, na akaamini kwa sababu alikuwa na haraka ya kuanika dagaa. Ijumaa usiku, baada ya chakula, aliketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe akafungua kile kitambaa. Kopo huchana vibaya. Kidonda alichokiona kilikuwa kimenyooka kama mstari wa rula.

"Sitafuti mtu wa kupigwa," alimwambia. "Nataka kujua damu ya nani imegusa wembe wa babu."

Ndipo kijana akasema. Alhamisi baada ya shule alikwenda na wenzake kuvua kwa ndoano kwenye mawe ya ufukweni. Mara zilizopita mishipi yao ya nailoni ilijisokota na wakakosa cha kuikatia, hivyo safari hii aliuchukua wembe kwenye kasha la babu. Mshipi uliposokotana, aliutandaza juu ya jiwe akaukata. Wembe ulipita kwenye nailoni kama hakuna kitu, ukagonga jiwe, ukateleza hadi kwenye kidole. Aliufuta kwa kaptula, akaukunja, akaurudisha mahali pake.

Mwanza ni mji wa mawe. Watu wengi wa huku wamekua wakiona panga linanolewa kwenye jiwe la nje ya nyumba, likawa kali kweli. Lakini makali ya wembe ni membamba mno kuhimili granaiti. Pigo moja dogo linatosha kuyamegua.

Mama hakuwa akiwaza mawe. Alikuwa akihesabu saa. Elimu ya afya anayoisikia kila akipeleka watoto kliniki ilikuwa imemwachia mambo machache ambayo hakuyasahau. Mtoto alikatwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, na wembe ambao Jumanne ulipita kwenye ndevu za babu. Babu naye alikatwa Ijumaa asubuhi, na wembe huo huo ukiwa umefutwa kwa kaptula tu. Watu wawili walikuwa wamechanjwa na chuma kimoja.

Mtu aliyeguswa na damu ya mwingine kwenye jeraha, ikiwa mhudumu wa afya ataona kuna hatari, anaweza kupewa dawa za kumkinga na VVU. Dawa hizo huanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B nayo huambukizwa kwa damu, na kirusi chake kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku saba, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Kuufuta wembe kwa nguo hakuuondoi.

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mkanda. Mkewe hakumwambia neno, alimtazama tu. Mkono ukashuka.

"Umefanya vizuri kusema," alisema hatimaye. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali wote."

"Babu atakufa?" kijana aliuliza.

"Kesho tutajua tunachotakiwa kufanya," mama alimjibu. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

"Wembe hauna mkono"

Si rahisi mke kumwambia baba mkwe wake akapime VVU. Kazi hiyo ilimwangukia mwana, naye aliifanya alfajiri, akiwa amechuchumaa mbele ya kitanda cha baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Alimweleza yote, toka mshipi hadi hesabu ya saa. Babu alikaa kitako. "Miaka yote hii nimenyoa watu wangapi, leo niambiwe damu yangu ipimwe kwa sababu ya mtoto aliyekwenda kuvua?"

"Anayepimwa ni wembe, baba. Ila wembe hauna mkono wa kutoa damu."

Mzee alinyamaza, akacheka kidogo, akaomba shati lake.

Hospitali walipokelewa kabla ya saa tatu asubuhi, saa 40 tangu mtoto akatwe. Mama alikuwa amebeba kadi ya kliniki, ile ya zamani iliyochakaa pembeni, na muuguzi aliishika kwanza kabla ya kitu kingine. Wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, chanjo zote zilikuwa zimeandikwa. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002, na sasa imo ndani ya sindano moja inayokinga magonjwa matano. Mtoto aliyekamilisha sindano zile tatu ana kinga kubwa. Babu yake na baba yake, waliozaliwa kabla ya hapo, hawakuipata utotoni.

Vipimo vya VVU vilionyesha kuwa hakuna mwenye maambukizi, hivyo dawa za siku 28 hazikuhitajika. Kipimo cha homa ya ini kwa mtoto kilikuwa salama, naye akapangiwa tarehe ya kurudi kupimwa tena. Cha babu hakikuwa salama. Alikuwa na kirusi cha homa ya ini B.

Muuguzi alimweleza taratibu, akirudia kwa sauti kubwa zaidi pale mzee alipotega sikio. Mtu anaweza kuishi na kirusi hicho miaka mingi bila dalili yoyote. Huenda alikipata utotoni, au baadaye, hakuna njia ya kujua. Kinachotakiwa ni vipimo zaidi vya kuangalia hali ya ini, kwa kuwa wapo wanaohitaji dawa na wapo wanaohitaji kufuatiliwa tu. Watu wazima wa nyumba hiyo wapimwe, na wasio na maambukizi wapate chanjo yao, sindano tatu ndani ya miezi sita. Kula sahani moja, kunywa kikombe kimoja na kupeana mikono hakuambukizi. Wembe, mswaki na sindano havichangiwi.

Ndani ya daladala ya kurudi Kirumba babu hakusema kitu hadi walipokaribia kituo.

"Wembe huu," alisema, "umewanyoa wengi."

Jumapili uani

Jumapili asubuhi fundi wa kunoa visu kwa baiskeli alipita mtaani akipiga kengele, na jirani akashauri wembe apewe yeye. Babu alikataa katakata. Jiwe la baiskeli linazunguka kwa kasi, linatoa cheche, linapasha chuma joto. Chuma chembamba kikipata joto mpaka kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha, na hapo hata ukikinoa vipi hakikai na makali. Kwa kisu cha kukatia mboga fundi huyo anafaa sana. Wembe wa aina hii hunolewa kwa mkono, kwa maji, bila haraka.

Kabla ya yote, mwana alivaa glavu, akausugua wembe kwa sabuni na maji yanayotiririka, akauloweka kwenye maji ya klorini kwa dakika kumi, akausuuza, akaukausha haraka kwa kuwa klorini hula chuma. Baada ya hapo ndipo alipotoa jiwe lake lenye pande mbili, upande wa namba 1000 na wa namba 6000. Namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi.

Kijana alipewa kazi ya kushika taa ya simu na kumwagia jiwe maji. Babu aliketi pembeni, akisikiliza.

"Mgongo na makali vyote vilale kwenye jiwe," alielekeza. "Usiunyanyue mgongo. Huo ndio unaokupimia pembe. Na usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha."

Wembe ukaenda, ukageuzwa, ukarudi. Kumi upande huu, kumi upande ule, ili makali yasihamie upande mmoja. Kila baada ya muda uliinuliwa, ukafutwa, ukamulikwa. Pengo lilikuwa bado lipo.

"Kwa nini usilizibe tu?" kijana aliuliza.

"Chuma hakiongezwi," baba yake alijibu. "Pengo halizibwi. Unayashusha makali yote, mwanzo hadi mwisho, mpaka yafike pengo lilipo."

Ilichukua karibu saa tatu, na mapumziko mawili ya chai. Wembe ukisaga mahali penye kasoro hutoa mkwaruzo ambao babu aliusikia kabla ya wao kuuona. Mkwaruzo ulipungua, ukabaki sauti moja laini toka shina hadi ncha. Kijana akamulika. Hapakuwa na nukta yoyote inayong'aa.

Wakahamia upande wa 6000, kufuta mikwaruzo iliyoachwa na ule wa kwanza. Kisha jiwe jeusi la babu, laini kama kioo, alilolihifadhi tangu enzi za mwembe. Mwisho ukanda wa ngozi, uliofungwa kwenye nguzo ya mlango na kuvutwa ukakaza. Hapa wembe huenda kinyume na kwenye jiwe: mgongo hutangulia na makali hufuata. Ukitanguliza makali, unaichana ngozi na kuyaua makali kwa pamoja.

Katikati ya kazi hiyo baba alisema, bila kugeuka, "Ungeniambia Alhamisi, babu asingejikata Ijumaa."

"Ungenipiga," kijana alijibu.

Wembe ulisimama kwenye ngozi. Babu naye alisikia, akageuza uso upande wao.

"Ningekupiga," baba alikubali. Akavuta pumzi, akaendelea kunoa. Baada ya muda akasema tena, "Nimekosea. Safari ijayo njoo uniambie."

Waliupima kwa unywele mmoja mweupe wa babu mwenyewe. Kijana aliushika juu, ukaning'inia, baba yake akasogeza wembe taratibu. Unywele ulikatika bila kupinda.

"Umepungua?" kijana aliuliza.

"Umepungua kidogo. Lakini umenyooka."

Mzazi, ya kuzingatia

Katika nyumba nyingi wembe ni wa familia, kama kijiko. Usiwe hivyo. Kila mtu awe na wake, hata mume na mke, hata ndugu wa tumbo moja, na uwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mtoto anapopelekwa kunyolewa, iwe ni nywele za arobaini au za kuanza shule, mzazi auone wembe mpya ukifunguliwa mbele yake. Mashine ya kunyolea nayo isafishwe kwa dawa kati ya kichwa na kichwa. Kinyozi mzuri hachukii kuulizwa. Msibani, kama mila ya ukoo inataka watu wanyolewe, kila anayekaa mkekani aje na wembe wake.

Na mtu akikatwa na wembe uliotumiwa na mwingine, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua wala kusugua, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Saa 72 ni ukomo, si muda wa kusubiria.

Saa hizo zinaanza kuhesabiwa pale mtoto anapokatwa, si pale mzazi anapoambiwa. Katika nyumba ya Kirumba zilipotea zaidi ya 24, na zilizipoteza hofu ya mkanda. Mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kuchukua kisichokuwa chake. Lakini akishaona kwamba kusema kunauma kuliko kuficha, ataficha, na kilichofichwa kitamkata mwingine.

Babu sasa ana tarehe mbili kwenye daftari lake la hospitali, ya macho na ya ini. Wembe umo kwenye kasha lenye kufuli, juu ya kabati, na kwenye mpini mjukuu amefunga uzi mwekundu ili asiwepo wa kusema hakujua ni wa nani. Hautapita tena kwenye kidevu kingine.

Jumapili hiyo jioni, kabla ya taarifa ya habari, mzee aliomba apigiwe simu Nansio. Alitaja jina la rafiki yake wa miaka mingi, mwanaume aliyemnyoa mara nyingi chini ya mwembe, na mara ya mwisho siku ya kuanua matanga ya mkewe. Mjukuu alibonyeza namba, akaweka sauti kubwa, akataka kuondoka. Babu akamshika mkono abaki.

Walisalimiana. Waliulizana mvua, wakaulizana dagaa, wakaulizana macho. Kisha babu akakohoa.

"Kuna jambo nataka kukwambia kuhusu wembe wangu."

Alilieleza lote, polepole, bila kuacha kitu. Upande wa pili kukawa kimya. Kijana alikuwa ameshikilia simu kwa mikono miwili.

"Sasa," ile sauti ikauliza, "sisi huku tukapime wapi?"